Laini, Mtongani

Mwalimu Nkwabi aliuchora ubaoni kwa rula.
Laini, alisema, kwa Kiingereza ni mstari. Andikeni.
Tukaandika, themanini na wawili,
nikatoka darasani kama mtu aliyepewa ufunguo mmoja
akaambiwa nyumba ina mlango mmoja.

Sasa nina mwavuli hapa Mtongani,
kiti cha plastiki, mashine ya kusoma vidole,
na koo langu: Laini! Sajili laini! Laini bure!
Neno la mwalimu limeota matawi.
Laini ya umeme imeanguka nyuma ya msikiti, watoto wasipite.
Maji yametoka, ingia kwenye laini na ndoo yako.
Mume wa Selina ana laini mbili, wanasema,
na hawasemi simu.
Fulani ana laini bandarini. Maana yake anamjua mtu.

Na humohumo, kama mgeni anayemkuta mwenyeji ana jina lake,
lipo lile laini letu la zamani, la jikoni:
unga laini, chapati laini,
mlainishe mtendaji, barua itatoka.
Sijui nani alikalia kiti cha mwenzake.
Hayajagombana. Yanakunywa kikombe kimoja.

Siku ya mwisho ya usajili, jua la saa nane,
akaja Bi Sikuzani kutoka kwenye kokoto,
vumbi jeupe mpaka kwenye kope,
kitochi chake kimefungwa lastiki kisimwagike betri.
Wamenitumia ujumbe, alisema. Nisomee.
Nikasoma: Laini yako itafungwa leo saa sita usiku.
Akacheka bila kucheka.
"Laini gani, mwanangu? Miaka ishirini na sita naponda mawe.
Nioneshe kilicho laini, nikifunge mwenyewe."

Gumba la kulia. Mashine ikawaka nyekundu.
Futa, Bibi. Akafuta kwa kanga. Nyekundu.
Cha shahada. Nyekundu. Cha kati. Nyekundu.
Nikaupindua mkono wake juani kama anayekagua noti,
nikaona kiganja kigumu kama kisigino,
lakini kwenye ncha, pale Mungu anapochora
ile michirizi ya mviringo asiyoirudia kwa mtu mwingine,
pamefutika. Panang'aa.
Jiwe limeisugua nyundo, nyundo imemsugua mtu.

Bibi, nikasema, vidole vyako havina laini.
Nikajisikia. Nikataka kurekebisha:
yaani, ni laini mno, ndiyo maana.
Ikawa mbaya zaidi.
Waliopanga laini nyuma yake wakaguna.

Mwalimu, ulipokuwa unachora kwa rula
hukutuambia kwamba mstari unaweza kumwishia mtu mkononi.

Mkono wa kushoto ndio unaoshikilia jiwe.
Gumba halina kucha. Nyekundu, nyekundu,
nyekundu, nikaacha kuhesabu.
Kikabaki kile cha mwisho, kidogo,
kinachojitenga pembeni nyundo ikishuka
kama mtoto anayechungulia ugomvi wa wakubwa.
Akakitazama kwa haya. "Hiki hakina kazi."
Akakibandika.
Kijani.

Jina likatokea, na picha:
Sikuzani Mbaruku Pazi, uso uleule, kasoro vumbi.
Hakuishukuru mashine, wala mimi.
Akampigia palepale mwanawe wa Tunduma,
aliyenyamaza tangu kabla ya mfungo.
Sote tukatulia, laini nzima,
hata muuza karanga akakiziba kikopo chake kwa kiganja.
Ikaita.
Ikaita tena.
Bi Sikuzani ameibana simu sikioni,
na kile kidole kimoja kimenyooka nje, peke yake,
hakigusi kitu.